Mama ntilie hakusubiri kupunguzwa kazini

Husemwa kwamba wanawake wa Dar es Salaam waliingia kwenye biashara ndogondogo kwa sababu mageuzi ya uchumi yaliwafukuza maofisini. Mpangilio wa miaka unakataa. Makubaliano ya Tanzania na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) kuhusu mageuzi hayo ni ya 1986. Upunguzaji mkubwa wa watumishi wa umma ulikuja miaka ya 1990. Maandazi, vitumbua na pombe za kienyeji vilikuwa vikiuzwa tangu kabla, na mwaka 1983 kampeni ya serikali iliyoitwa Nguvu Kazi iliwasumbua wachuuzi kana kwamba ni wazururaji. Dhuluma tupu, maana walikuwa wakifanya kazi.

Wanawake wengi hawakuwa na ajira ya mshahara ya kupoteza. Kilichoporomoka ni thamani ya mshahara, na wengi wa walioupokea walikuwa wanaume. Mshahara ukawa haufiki katikati ya mwezi, nyumba ikalishwa na "mradi" wa mama.

Tofauti ya jinsia haikuishia mlango wa ofisi. Useremala, ufundi magari na uchukuzi, vinavyodai zana na mtaji mkubwa, vilishikwa zaidi na wanaume. Mwanamke alianzia kwenye unga, sukari, mafuta na mkaa wa siku moja. Kuingia rahisi, ndiyo maana majirani walibanana na bei haikupanda. Mtoto akiugua, mtaji wa kesho unakwenda kwenye dawa. Upatu ulisaidia hapo: watu 10 wakichanga kiasi kilekile kila siku, kila mmoja kwa zamu hupokea mchango wa wote, fedha iliyotunzwa nje ya mkoba wa matumizi ya nyumbani.