Darubini yako haihitaji kukuza mara 525

Mwezi huu hii ni simu ya nne. Anayepiga ni mtu mpya kila mara, lakini maneno ni yale yale: "Fundi, nimepata darubini inakuza mara 525, nimefunga kamera, na galaksi ya Andromeda haionekani. Tatizo nini?" Mimi humuuliza kwanza darubini imekaa juu ya nini. Anakaa kimya kidogo, halafu anasema: "Si kwenye stendi yake iliyokuja nayo?"

Basi ugonjwa tumeshaujua, na Andromeda wa watu hana kosa. Ninatengeneza na kukodisha vifaa vya kupigia picha anga hapa Arusha, na somo hili nimelitoa kwa simu mpaka koo limekauka. Leo naliandika. Atakayepiga tena nitamtumia asome kwanza.

Tuanze na hiyo 525, maana inaandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko jina la darubini yenyewe. Darubini ya urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa mm 700, lenzi ya kuchungulia ya mm 4, na lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ya mara tatu. Gawa 700 kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3, hiyo hapo 525. Hesabu iko sawa. Ila kioo cha darubini hiyo kina kipenyo cha mm 76, na kwa kawaida kioo kinabeba ukuzaji wa mara mbili hivi kwa kila milimita ya kipenyo, yaani kama mara 150. Ukivuka hapo unakuza ukungu tu. Muuzaji anajua.

Kwenye picha namba hiyo haina hata mahali pa kukaa. Ukiondoa lenzi ya kuchungulia ukaweka kamera, hakuna tena "mara ngapi". Kuna urefu wa fokasi, ukubwa wa sensa (kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga), na uwiano wa fokasi kwa kipenyo. Kamera ya sensa ya APS-C, ambayo upana wake ni kama mm 22, ukiifunga kwenye fokasi ya mm 700 inaona kipande cha anga cha nyuzi 1.8 hivi. Andromeda ina upana wa nyuzi 3 hivi. Yaani ni kama miezi mipevu sita imepangwa mstari mmoja! Hata ungefanya kila kitu sawasawa, galaksi ingekatika huku na huku. Wingu Kubwa la Magellan, ambalo sisi tunaliona na mtu wa Ulaya halioni, ni nyuzi 10 hivi. Vitu hivi vingi ni vikubwa. Vingi hatuvioni vizuri kwa macho kwa sababu ni hafifu, na uhafifu hautibiwi kwa kukuza. Unatibiwa kwa kukusanya mwanga kwa muda mrefu.

Hapo kwenye "muda mrefu" ndipo stendi iliyokuja kwenye boksi inapokuangusha. Dunia inazunguka, kwa hiyo nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia) inasogea sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa (nyuzi moja ina sekunde za tao 3,600). Kwa kamera ya megapikseli 24 kwenye fokasi ya mm 700, pikseli moja inafunika kama sekunde 1.1 za tao. Nyota inapita pikseli karibu 14 kwa kila sekunde moja uliyoacha shata wazi. Acha shata wazi nusu dakika uone: kila nyota imegeuka kuwa mstari wa pikseli 400 hivi. Halafu mtu ananiambia labda lenzi ina vumbi.

Kinachohitajika ni maunti, ile mashine inayokaa kati ya stendi na darubini na kuizungusha kwa mwendo wa nyota. Nayo iwe ya ikweta, yenye mhimili mmoja uliolenga ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote zinaonekana kuizunguka. Zile zinazopanda juu na kuzunguka pembeni zinaifuata nyota, lakini picha yenyewe inazunguka taratibu, ukiangalia pembeni mwa fremu nyota zimechora vipande vya duara. Mtu akija na bajeti namwambia nusu iende kwenye maunti kabla hajagusa katalogi ya darubini. Wananuna. Wanataka bomba jeupe refu la kuwaonyesha wageni sebuleni. Na uzito unaoandikwa na mtengenezaji kwamba maunti inabeba, kwa picha ugawe kwa mbili. Kilo 10 kwenye karatasi ni kilo 5 kwenye upepo wa Monduli.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa, na video za kujifunzia hazilisemi kwa sababu watengenezaji wake wanaishi Ulaya na Marekani. Wao wanalenga maunti kwa Nyota ya Kaskazini, dakika tano wamemaliza. Arusha iko nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini kwetu iko chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 3.4 tu juu ya ardhi, nyuma ya migomba ya jirani. Hata ungeikata migomba, nyota iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma Octantis, ina ung'avu wa daraja la 5.4 (namba ikipanda, nyota inafifia). Kwenye vumbi na ukungu wa chini huipati. Kwa hiyo ile darubini ndogo ya kulengea ncha iliyomo ndani ya maunti, kwetu ni pambo.

Njia yetu ni ya kuangalia nyota inavyoteleza. Chagua nyota karibu na ikweta ya anga, iliyo juu kusini au kaskazini ambako inapita kilele chake. Ikiteleza kwenda kaskazini au kusini, mhimili umekosea kushoto au kulia. Sahihisha. Halafu nenda kwenye nyota iliyo chini mashariki au magharibi. Ikiteleza, kosa ni la juu au chini. Rudia mpaka ikae. Kwa mara ya kwanza itakuchukua saa nzima na mbu watakula. Mwenye kompyuta atumie N.I.N.A., programu ya bure; ina nyongeza ya kulenga kwa nukta tatu, inapiga picha sehemu tatu za anga, inatambua nyota, inakuambia skrubu ipi uzungushe, bila kuiona ncha kabisa. Jambo jingine: maunti nyingi hazikutengenezwa kulala hadi nyuzi 3. Zinakwama, au chuma cha uzito wa kusawazisha kinagonga mguu wa stendi. Fupisha mguu mmoja au pachika kipande cha mbao chini yake. Usiikazie nguvu, nimeshapokea maunti mbili zilizopasuka hapo.

Kwa anayeanza, nasema kila siku na nitasema tena: nunua kifuatilia nyota kidogo cha kamera, tafuta lenzi ya mm 135 hata ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, basi. Kwenye mm 135 pikseli moja inafunika sekunde za tao zaidi ya 5, kwa hiyo kosa dogo la kulenga halionekani. Andromeda inaingia yote. Nebula ya Carina, wingu la gesi linalowaka, inaingia na majirani zake. Na sisi tuna bahati ambayo watu wanapanda ndege kuifuata: kutoka hapa Andromeda inapanda nyuzi 45 hivi upande wa kaskazini, na kundi la nyota la Omega Centauri linapanda nyuzi 46 upande wa kusini. Anga zote mbili, kwenye uwanja mmoja.

Hilo limekwisha. Mengine ninayoambiwa kila mara nitayapitia haraka.

"Picha moja ya saa nzima ni bora kuliko picha sitini za dakika moja." Mwanga uliokusanywa ni ule ule. Tofauti pekee ni kelele (uchafu wa nuktanukta kwenye picha) ambayo kamera inaiongeza kila inaposoma sensa, na kwa kamera za sasa, chini ya anga lenye mwanga wa taa kiasi, haina uzito. Ila kwenye ile ya saa nzima ikipita ndege ya kwenda KIA dakika ya 50, umepoteza vyote. Kwenye sitini unatupa moja. Wala hulazimiki kuitupa: programu ikirundika picha, yaani kuziunganisha kuwa moja, inalinganisha kila pikseli na wenzake, na ile iliyojitenga, kama mstari wa setilaiti, inaachwa nje ya hesabu.

Kuna wanaodhani kurundika kunaongeza ung'avu. Hapana, ni wastani. Kinachopungua ni chenga, zile nuktanukta za kelele, na zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 4 zinakupa usafi mara mbili, picha 100 mara kumi. Ndiyo maana ukishafika saa moja na unataka chenga zipungue nusu tena, unahitaji saa nne. Kijana mmoja alirundika picha 80 kwenye programu ya Siril, akafungua faili akaona nyeusi tupu, akaifuta. Akafuta na zile 80! Faili ya kurundika lazima ionekane nyeusi. Data yote imebanana upande wa kushoto, wa giza, wa histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na kazi yako ni kuinyoosha kidogokidogo. Ndiyo maana pia tunapiga RAW, faili ghafi ya kamera: JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Ukizinyoosha ngazi 256 anga linakuwa ngazi za nyumba.

"Pandisha ISO upate mwanga zaidi." Mwanga huingia kwa kioo na kwa muda. ISO inakuza kilichokwisha kuingia, na ukiipandisha sana nyota angavu zinafurika na kuwa nyeupe zote, rangi ya Betelgeuse ikapotea.

"Hizo rangi mmepaka." Hili husemwa na mashemeji kwenye karamu. Ukichungulia Nebula ya Orioni kwa macho unaona kijivu, kwa sababu gizani jicho linatumia seli zisizotambua rangi. Kamera haina udhaifu huo. Haidrojeni kweli inatoa mwanga mwekundu wa nanomita 656, na oksijeni mwanga wa kijani-buluu wa nanomita 501. Tena kamera yako ya dukani inakuibia wekundu huo, kwa sababu mbele ya sensa kuna kioo kinachouzuia kwa sehemu kubwa ili ngozi za watu zipendeze kwenye harusi. Kuna kamera zilizouzwa bila kizuizi hicho, kama Canon EOS Ra ya mwaka 2019, na kuna mafundi wanaokibadilisha. Picha maarufu ya Hubble ya nguzo za Nebula ya Tai, ya mwaka 1995, ni suala jingine: salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Ni mpangilio wa rangi, kama ramani. Gesi yenyewe iko pale pale ilipoonyeshwa. Nebula hiyo Julai na Agosti inapita karibu na utosi wako, kaipige mwenyewe.

"Filta itaondoa taa za mji." Itaondoa baadhi, kwa baadhi ya vitu. Filta za mkanda mwembamba zinapitisha nanomita chache tu za haidrojeni na oksijeni, kwa hiyo nebula zinazowaka zenyewe, kama Carina, zinatoka hata katikati ya Dar es Salaam. Galaksi ni mwanga wa nyota, una rangi zote, ukiuzuia wa taa na wa galaksi umeuzuia. Taa nyeupe za LED nazo zina rangi karibu zote, tofauti na zile za zamani za sodiamu zilizokaa sehemu moja. Na usiende kupiga Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa filta hiyo. Buluu inayoizunguka Kilimia ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zake. Mteja wangu alipiga usiku kucha na filta ya bei mbaya akarudi na nukta saba. Kwa Kilimia na galaksi, pesa ya filta inunulie dizeli uende Natron kwenye giza.

Ya mwisho inanikera karibu kama ile 525: "Programu itarekebisha." Mtu anakuja na picha ina duara jeusi katikati, alama ya vumbi kwenye sensa, na pembe zimefifia. Anataka zifutwe kwa mkono. Nawauliza wote, fremu za mwanga sawa ulipiga? Hakupiga. Ni kazi ya dakika tatu: usiguse fokasi, usizungushe kamera, tandaza fulana nyeupe isiyo na mikunjo mbele ya lenzi, elekeza kwenye anga la alfajiri, piga ishirini histogramu ikiwa katikati. Programu inagawanya picha zako kwa hizo, na vumbi lote linaondoka pamoja na pembe zilizofifia. Fremu za giza, zile za kifuniko kimefungwa, zipige kwa ISO ile ile, muda ule ule, na joto lile lile. Ukizipiga sebuleni kesho yake mchana zinakuongezea uchafu badala ya kuutoa. Hizi programu mpya za kusafisha chenga kwa akili mnemba ninazo na ninazitumia, mwishoni, kwa mkono mwepesi. Ukizipa dakika kumi za data zinakuchorea nyuzinyuzi za gesi ambazo hazipo angani.

Fulana iwe nyeupe kweli. Wiki jana mmoja alitumia ya kampeni, yenye maandishi kifuani.