Mandela hakuwa mrithi wa kiti cha ufalme jamani

Juzi kijiweni hapa Majengo, Dodoma, kahawa na kashata zinaendelea, jamaa mmoja akasema Mandela alikuwa mwana wa mfalme akakiacha kiti akaenda kupigania watu, na wazee wote wakaitikia kwa kichwa. Hapana bana.

Ni kweli damu ya kifalme anayo, babu wa babaake Ngubengcuka alikuwa mfalme wa Wathembu, watu wa huko Afrika Kusini, ila ukoo wao ulitokana na nyumba ya mke mdogo na nyumba hiyo hairithi kiti, kazi yao ilikuwa kuwashauri wafalme basi. Babaake alikuwa chifu wa kijiji cha Mvezo, wakoloni wakamvua uchifu, mama akahamia na mtoto Qunu na huko dogo akachunga kondoo na ndama kama watoto wa Kigogo tu huku kwetu. Baba alipofariki akachukuliwa na Jongintaba, aliyekuwa anashikilia ufalme kwa muda, ndo maana watu wanachanganya, alilelewa ikulu ila mrithi hakuwa yeye.

Na hilo jina la Nelson alipewa na mwalimu siku ya kwanza ya shule, nyumbani aliitwa Rolihlahla.

Halafu 1941 alitoroka kwenda Johannesburg sababu mlezi wake kamtafutia mchumba, siyo mapinduzi wala nini, akaanzia ulinzi mgodini. Siasa zilikuja baadaye.

Yule jamaa akasema basi Kongwa aliishi. Kambi ya Kongwa, ile ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, imeanza 1964, Mandela kakamatwa 1962, yuko jela!