Mageuzi ya kitaasisi ni nini? Tuangalie taka za Dar es Salaam

Watu wakisikia halmashauri inafanya "mageuzi ya kitaasisi", wengi hudhani ni uhamisho wa watumishi, kompyuta mpya masjala, au kibao kipya getini. Hayo yote yanaweza kufanyika na huduma ikabaki palepale. Mageuzi ya kitaasisi ni kubadili mpangilio wenyewe wa kazi: nani anaamua, nani anatenda, nani anamlipa nani, na mambo yakiharibika nani anaulizwa.

Mfano mzuri ni uzoaji taka Dar es Salaam. Miaka ya 1980 kazi yote ilikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji: malori, madereva, vibarua, dampo. Lori likikosa spea, mtaa mzima ulikaa na uvundo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walishinda kesi Mahakama Kuu, Jiji likaamriwa kuacha kumwaga taka kwenye dampo lililokuwa karibu na makazi yao. Jiji likaomba kuongezewa muda. Hukumu ile ilikuwa ya haki kabisa, lakini haikuleta lori hata moja wala haikubadili namna kazi ilivyopangwa.

Mpangilio ulianza kuguswa mwaka 1994, uzoaji taka wa katikati ya jiji ulipokabidhiwa kampuni binafsi. Baadaye ziliongezwa kampuni nyingine na vikundi vya wananchi mitaani. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya kuliendesha jiji badala yake, na mwaka 2000 zikaanza manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke.

Sasa tazama kilichogeuka. Halmashauri ilipunguza kuzoa yenyewe, ikajikita katika kusimamia: kugawa maeneo, kutunga sheria ndogo, kupanga viwango vya ada. Mzoaji naye akawa anategemea ada ya kaya anazozihudumia. Mama wa Manzese akisimama mlangoni na kiroba cha taka, anaweza kumwambia kijana wa mkokoteni: "Wiki mbili hamjaonekana, leo mnakuja na stakabadhi?" Zamani swali hilo lilikosa wa kuulizwa, maana dereva wa Jiji alipata mshahara wake apite asipite. Hata mkokoteni wenyewe ni sehemu ya mageuzi. Vichochoro vingi vya Manzese havipitishi lori, na anayevijua vizuri ni kijana aliyekulia humo, si aliyechora ramani ofisini.

Ila hapa ndipo pana hatari kubwa. Mkandarasi asiposimamiwa huzoa penye walipaji wazuri na kwingine akapaacha, na maskini ndio wanaobaki na taka zao mlangoni mvua za masika zikianza. Halmashauri iliyoachia kazi bila kujifunza kusimamia imejitua mzigo tu. Afisa afya wa kata anahitaji awe na mkataba mkononi, ajue siku za kupita kila mtaa, na sauti yake isikilizwe linapokuja suala la kumnyang'anya mkandarasi eneo. Ndiyo maana mimi, nikitaka kujua kama mageuzi ya halmashauri fulani ni ya kweli, naanza kuuliza malalamiko ya mkazi yanaishia mezani kwa nani, na huyo anaweza kuamua nini bila kusubiri kikao.