Je, wajua? Talaka hutolewa hata kama mwenzi hajulikani alipo

Wapo wanaobaki na ndoa ya karatasi kwa miaka mingi wakiamini hakimu hawezi kuivunja mpaka wote wawili wasimame mbele yake. Sivyo. Mahakama haidai mwenzi apatikane. Inadai aliyefungua shauri athibitishe kwamba amemtafuta kwa dhati.

Sababu ni kwamba hakuna anayehukumiwa bila kupewa nafasi ya kusikilizwa, lakini kama kujificha kungetosha kuzuia kesi, kila mdaiwa angejificha. Suluhisho ni kupeleka wito kwa njia mbadala.

Shauri hufunguliwa kama kawaida, kwa anwani ya mwisho inayojulikana. Mpeleka wito akirudi na taarifa kwamba hakumkuta, ndipo unapowasilisha ombi la njia mbadala pamoja na hati ya kiapo. Hati hiyo ndiyo moyo wa shauri, na ndipo wengi hukwama. "Nimemtafuta bila mafanikio" haimwambii hakimu chochote. Inayokubalika husomeka hivi: "Tarehe 4 Machi nilipiga namba yake mara tatu, haikupatikana. Tarehe 9 Machi nilionana na dada yake. Alisema walizungumza mara ya mwisho Desemba." Ambatisha bahasha iliyorudishwa na posta, majibu ya mwajiri wake wa mwisho, maelezo ya mwenye nyumba aliyompangisha, na kumbukumbu za ujumbe wa simu. Uliza pia hospitalini na magerezani. Usiwaruke wakwe hata kama hamsalimiani, kwani swali la kwanza la hakimu huwa ni nini wamesema ndugu zake.

Hakimu huchagua njia: tangazo gazetini, nakala kubandikwa kwenye makazi ya mwisho au ubao wa mahakama, au barua pepe. Gazeti ndilo dhaifu kuliko zote. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikiri mwaka 1950 kwamba tangazo la gazeti peke yake si njia ya kutegemewa ya kumfikia mtu, ila ikalikubali kwa wasiojulikana walipo. Mwaka 2015 jaji wa New York alimruhusu mke kumfikishia mumewe wito kwa ujumbe wa Facebook, urudiwe mara moja kwa wiki kwa wiki tatu, baada ya kuridhika kwamba akaunti ni ya mume na bado anaitumia.

Tangazo likitoka, jina lilingane herufi kwa herufi na cheti cha ndoa, na hifadhi ukurasa mzima wenye tarehe, si kipande kilichokatwa. Muda wa kujibu ukipita, omba shauri lisikilizwe upande mmoja, yaani bila mwenzi kuwepo. Ukimya wa mwenzi si ridhaa: cheti, ushahidi na sababu za kuvunja ndoa bado vinatakiwa.

Usuluhishi nao? Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upite kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, lakini kifungu cha 101 kinamwondolea sharti hilo aliyetelekezwa na asiyejua mwenzi wake yuko wapi.

Talaka pia isichanganywe na dhana ya kifo. England na Wales, mtu asiyejulikana kuwa hai kwa miaka 7 anaweza kutangazwa amefariki, na hapo hata mirathi hufunguka. Talaka haisubiri miaka hiyo.

Amri ya upande mmoja ina mipaka yake. Ndoa huvunjika, lakini matunzo na mgawanyo wa mali vinaweza kubaki viporo ikiwa mahakama haina mamlaka juu ya asiyekuwepo, hasa akiwa nchi nyingine. Tena, akijitokeza baadaye na kuonyesha kwamba ulikuwa na namba yake, au watoto walikuwa wakimpigia kila Jumapili, anaweza kuomba hukumu itenguliwe. Kama umeshafunga ndoa nyingine, nayo inaingia mashakani. Kwa hiyo hata fununu ndogo ya alipo iandikwe kwenye kiapo, pamoja na ulichofanya kuifuatilia.