Je, wajua M-Pesa ilianza kama njia ya kulipia mikopo? Ilibadilikaje?

Muulize mtu yeyote Nairobi, Mwanza au Bukavu M-Pesa ni ya nini, atakujibu bila kufikiri: kutuma na kupokea hela. Lakini watu walioitengeneza hawakutumwa kutengeneza hicho. Kazi waliyopewa ilikuwa nyingine kabisa, na namna walivyoiacha ile ya kwanza wakaishika hii tunayoijua ndiyo inayonivutia kila mara, kwa sababu mimi mwenyewe nafanya kazi kwenye timu za kutengeneza programu na nimeona timu nyingi zikishindwa hapo hapo.

Mwanzo wake ni Uingereza. Nick Hughes, aliyekuwa ofisa wa Vodafone, kampuni ya simu ya huko, aliomba fedha za serikali ya nchi hiyo zilizotengwa kusaidia miradi ya kufikisha huduma za kifedha kwa watu wasio na benki. Zilipatikana karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaweka kiasi kinachokaribia hicho. Lengo lilikuwa mikopo midogo. Kenya palikuwa na taasisi iitwayo Faulu, iliyokopesha watu kwa vikundi: wanachama wanakutana kwa ratiba, kila mmoja anatoa marejesho yake, wanadhaminiana, kisha hela taslimu zinabebwa kupelekwa benki. Anayebeba hela za watu wote barabarani anajua hofu yake. Wazo likawa kwamba kila mwanachama alipe marejesho kwa simu yake.

Mwaka 2005 Susie Lonie wa Vodafone akatua Nairobi. Ilitazamiwa angekaa miezi michache, alikaa miaka. Programu yenyewe iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, mtandao ulikuwa wa Safaricom, fedha zilikaa benki, na wateja walikuwa wa Faulu. Yaani timu moja yenye watu wa simu, watu wa benki, watu wa mikopo na wahandisi waliokuwa mbali sana na Kenya, kila upande na lugha yake ya kazi. Oktoba 2005 majaribio yakaanza kwa wateja wapatao 500 na maduka manane ya mawakala, Nairobi na Thika.

Hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mfumo wa Faulu haukuunganishwa na ule mpya, kwa hiyo hesabu zililazimika kulinganishwa kwa mkono. Kazi ya kuchosha, lakini ilikuwa na faida moja kubwa: waliokuwa wakijenga huduma waliiona miamala yenyewe, wakakutana na wanaoitumia. Wakaanza kuona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango wowote. Mtu analipa marejesho ya mwenzake, na mwenzake anamlipa kwa namna nyingine. Mtu anaweka hela jioni na kuzitoa asubuhi, kwa sababu kwenye simu zinalala salama kuliko chini ya godoro. Mwingine anaweka hela kwa wakala kabla ya safari, anapanda gari mfuko mtupu, anazitoa akishafika. Wafanyabiashara wanalipana. Mke anamtumia nauli ya kurudi nyumbani mumewe aliyeibiwa.

Wakati huohuo upande wa mikopo ulikuwa ukichechemea. Mwanachama akishaweza kulipa akiwa nyumbani, anakwenda kikaoni kufanya nini? Na kikao ndicho kinachoshikilia mkopo wa kikundi: macho ya wenzako ndiyo dhamana. Huduma iliyokuja kuwasaidia Faulu ilikuwa inalegeza fundo lao.

Kiongozi mwingine angesema: jamani, tumepewa fedha kwa ajili ya mikopo, turudi kwenye mikopo. Ingekuwa hoja halali, na ndiyo inayosemwa mara nyingi. Hawa walifanya jambo gumu zaidi. Walikubali kwamba wateja walikuwa wamekwisha kuwaonyesha huduma ni ya nini, wakapunguza. Marejesho ya mikopo yakatolewa, na Machi 2007 Safaricom, chini ya Michael Joseph, mkurugenzi wake mkuu wa wakati huo, ikaizindua M-Pesa kwa wito wa maneno machache: tuma pesa nyumbani.

Maneno hayo huwa yanachukuliwa kama tangazo tu. Mimi nayaona kama chombo cha uongozi. Mhandisi anayebishana na mwenzake kuhusu menyu ana kipimo: je, hili linamsaidia mtu kutuma hela nyumbani? Kama halisaidii, lingoje. Katika timu ya bidhaa kuna msanifu, wahandisi, watu wa masoko, wa sheria, wa huduma kwa wateja, na meneja wa bidhaa ambaye kwa kawaida si bosi wa hata mmoja wao. Hana amri ya kutoa. Alicho nacho ni swali moja ambalo wote wamelikubali, na kazi yake kubwa ni kulilinda lisifukiwe na maombi ya kila idara.

Na bidhaa haikuwa programu peke yake. Fikiria wakala. Mahali ambapo wateja wengi wanaweka, floti, yaani hela zake za kwenye simu, inamwishia mapema na droo imejaa noti. Kijijini, ambako wengi wanatoa, floti ipo tele na droo ni tupu. Kwa vyovyote vile mteja anaondoka bila huduma, na hatajali kwamba mtambo unafanya kazi vizuri. Kwa hiyo kuweka hela kukawa bure kwa mteja, ada ikawekwa kwenye kutuma na kutoa, na wakala akalipwa kamisheni hata kwa kuweka, ili asione uvivu kumpokea mwenye shilingi mia tatu. Ujumbe ukawa unafika kwenye simu zote mbili, ya aliyetuma na ya aliyetumiwa, na kwa wakala kukawa na daftari ambalo mteja anatia sahihi kwa jina na kitambulisho. Daftari lile la karatasi ni sehemu ya bidhaa sawasawa na programu iliyoandikwa Cambridge. Mtu aliyezoea kusainiwa kitabu akitoa hela yake alihitaji kuona kalamu inatembea.

Ndani ya mwaka mmoja wateja walipita milioni moja. Ila jambo hilohilo halikwenda hivyo kila mahali. Tanzania, ambako Vodacom iliizindua mwaka 2008, mwendo wa mwanzo ulikuwa wa polepole kuliko Kenya. Afrika Kusini ilizinduliwa 2010 na kufungwa 2016. Huko watu wengi zaidi walikuwa tayari na akaunti za benki. Kilichohamishwa kilikuwa jibu la Kenya, kwa watu ambao swali lao halikuwa lile.

Niseme na letu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye timu iliyotengeneza programu ya kuwasaidia wenye maduka madogo Dar es Salaam kuagiza bidhaa na kufunga hesabu. Miezi minane tulikaa ofisini. Tulikuwa na chati za mauzo za rangi nzuri, tulizipenda kweli. Programu ilipotoka, watu walijiandikisha na kuiacha ndani ya siku chache, na sisi tukawa tunalaumu mafunzo.

Ndipo kiongozi mpya wa timu akaamua kwamba kila Alhamisi hakuna ofisi: kila mtu, mhandisi na mhasibu, anakwenda kukaa dukani saa tatu, bila kufundisha, anatazama tu. Mimi nilipangiwa duka la mama mmoja Mbagala. Juu ya kaunta, kwenye msumari, palining'inia kalamu kwa uzi, na chini yake daftari lenye jalada lililokwisha. Katika saa tatu zile aliliandika mara kumi na moja, na karibu kila mara lilikuwa deni: mama fulani, sukari nusu, mkate. Nikamuuliza mbona hatumii simu. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, kwenye hiyo simu yenu nitamwandika wapi anayenidai na ninayemdai?"

Hapakuwa na mahali. Kwenye programu yetu kila mauzo yalikuwa yamelipwa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukopa dukani tangu aanze kulipwa mshahara.

Ukurasa wa madeni ulituchukua wiki mbili kuutengeneza, na jina tulilouita ni lile alilolitumia yeye: daftari. Zile chati tuliziondoa mwezi huohuo. Hakuna mwenye duka hata mmoja aliyepiga simu kuuliza zimekwenda wapi.