Tangi si majeruhi wa kufungwa bandeji juu hadi chini

Mteja mwenye tangi la chuma la mafuta akishasikia kuna nyuzi za kaboni za kuliimarisha, swali ni lile lile: "Injinia, tukizungushia tabaka kumi tangi zima si ndiyo usalama zaidi?" Hapana. Ni hela kupotea, na pengine tangi lisipate nguvu yoyote.

Tangi lililojaa likipigwa na tetemeko hujikunja chini, kwenye safu ya kwanza ya mabati ya ukuta, likatoa uvimbe unaolizunguka tunaouita mguu wa tembo. Matangi ya Alaska, Marekani, yalivimba hivyo kwenye tetemeko la mwaka 1964. Mafuta yanausukuma ukuta nje, huku mtikisiko ukiukandamiza kwenda chini. Pale unapoungana na sakafu ukuta hauwezi kutanuka. Juu kidogo unatanuka, na hapo ndipo unapopinda. Dawa yake ni mkanda mwembamba wa kompoziti, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi zikilizunguka tangi, umewekwa hapo hapo. Ukiufanya mnene mno au mrefu mno, mkanda wenyewe unaugeuka ukuta: unaubana kama sakafu inavyoubana, na uvimbe unahamia juu yake. Watafiti Batikha, Rotter na wenzao walilionyesha hili kwa hesabu mwaka 2009: kuna kipimo kinachofaa, na ukikizidisha faida inapungua. Sasa nani amekokotoa hizo tabaka kumi? Hajawahi kunijibu mtu.

Wengine husema tangi tupu halina hatari. Tangi tupu ndilo linalobonyezwa na upepo. Na likinyonywa mafuta huku tundu la hewa limezibwa na plastiki ya wapaka rangi, linabonyea ndani kwa mgandamizo mdogo tu. Hapo usiniite mimi na kaboni zangu, zibua tundu. Wala chuma cha daraja la juu hakisaidii, maana ukuta mwembamba hubonyea kabla chuma hakijafikia kikomo cha nguvu zake. Kinachoamua ni unene, kipenyo na ukakamavu, na ukakamavu, yaani ugumu wa kupindika, wa vyuma hivi karibu wote ni ule ule, gigapaskali (GPa) 200.

Eti kaboni haishiki kutu? Yenyewe haishiki, ila ikigusa chuma penye unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, hasa pwani. Tanguliza tabaka la nyuzi za kioo kati yake na chuma. Na fundi akija bila mashine ya kupiga mchanga ili kukwangua chuma, mrudishe: epoksi, gundi ya kubandikia nyuzi, iliyopakwa juu ya rangi ya zamani itabanduka pamoja na rangi hiyo.