"Niache nisiache, ni yale yale": dhana zinazowabakiza watu kwenye sigara

Mzee mmoja wa karibu yangu, aliyewasha sigara yake ya kwanza akiwa na miaka 17, nilimsihi aache alipofika 61. Akanitazama kwa upole. "Mwanangu," akasema, "haya mapafu yameshaharibika. Niache nisiache, ni yale yale." Hakuwa akibisha. Alikuwa ameshapiga hesabu yake na kuridhika nayo. Tangu siku ile nimeyasikia maneno hayo kwa wengi, na bado yananiuma, maana hesabu yenyewe ina makosa na watu wanakufa kwayo.

Mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatilia maisha ya madaktari wa Uingereza, wanaovuta na wasiovuta. Ufuatiliaji huo ulidumu miaka 50. Matokeo ya mwisho, yaliyotoka 2004, yalionyesha kwamba wanaume waliovuta bila kuacha walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wenzao ambao hawakuvuta kabisa. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliirudisha karibu yote. Aliyeacha akiwa na 40 alijipatia kama 9, aliyeacha akiwa na 50 kama 6, na aliyeacha akiwa na 60 bado alijipatia kama 3. Miaka mitatu ni mjukuu aliyezaliwa leo akue hadi awe anakuita kwa jina na kukukimbilia mlangoni.

Mwili wenyewe hausubiri miaka. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, huwa imekalia nafasi ya oksijeni katika damu ya mvutaji. Huondoka ndani ya siku chache. Baada ya mwaka 1, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua kwa takriban nusu. Baada ya miaka 10, uwezekano wa kufa kwa saratani ya mapafu ni kama nusu ya ule wa anayeendelea kuvuta.

Yapo yasiyorudi, na ni haki kuyasema. Vifuko vya hewa vilivyokwisha kuharibika ndani ya mapafu havioti upya. Lakini ukiacha, kasi ya kuharibika hupungua na kukaribia ile ya kawaida ya kuzeeka, kwa hiyo mwenye mapafu mabovu ndiye mwenye haraka zaidi ya kuokoa pumzi aliyobaki nayo. Hata aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, akiacha, hupunguza uwezekano wa kufa kwa karibu theluthi moja akilinganishwa na anayeendelea.

"Nilipoacha ndipo nikaanza kukohoa"

Hili huwarudisha watu wengi kwenye sigara katika wiki za kwanza. Wanaamini mwili ulishazoea moshi na sasa unaulilia.

Njia za hewa zimetandikwa vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni kupepea bila kukoma, vikisukuma makohozi na vumbi kuelekea juu kooni, mfano wa mafagio elfu na elfu yanayofagia upande mmoja. Moshi wa sigara huvipoozesha na kuviua. Ukiacha, vinaota na kuamka, na vinakuta uchafu umelundikana. Kikohozi hicho ni ufagizi, na kwa walio wengi hutulia kadiri wiki zinavyopita. Kikizidi kuendelea, au kukiwa na damu, au ukipungua mwili bila sababu, nenda hospitali, usijitibu kwa kubahatisha. Na hakuna kinywaji chochote kinachosafisha mapafu: unachokunywa hakipiti huko.

"Sigara inanipunguzia mawazo"

Hii ndiyo dhana ngumu kuliko zote, kwa sababu mvutaji anaihisi kuwa kweli. Anavuta, mabega yanashuka, moyo unatulia. Nani atamwambia kwamba hajahisi alichohisi?

Tazama sigara ya asubuhi. Mtu hajafumbua macho sawasawa, mkono unapapasa kando ya kitanda kutafuta pakiti. Hakuna aliyemuudhi, siku haijaanza, mawazo ya nini? Ni kwamba usiku kucha nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu awe mtumwa wa sigara, imekuwa ikimtoka mwilini. Nusu yake huondoka katika muda wa kama saa 2, na kadiri inavyopungua ndivyo arosto inavyopanda: hasira za haraka, kutotulia, akili kushindwa kukaa mahali pamoja. Anapovuta, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache na arosto inakatika. Ule utulivu anaousifu ni nafuu ya maumivu yaliyoletwa na sigara iliyotangulia. Asiyevuta anaamka nao bure.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la BMJ, uliokusanya tafiti 26, ulikuta kwamba walioacha walipungukiwa na wasiwasi, sonona na msongo wa mawazo kuliko walioendelea. Siku za mwanzo ni ngumu kweli, sitamdanganya mtu. Wiki ya kwanza ndiyo kali zaidi, na sehemu kubwa huwa imepita ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe ikija huja kwa wimbi la dakika chache. Nyanyuka, toka nje, kunywa maji, mpigie mtu simu; wimbi litapita ukiwa bado unaongea.

"Mimi navuta moja tu kwa siku"

Kwa moyo, moja si kidogo. Utafiti wa mwaka 2018, nao katika BMJ, ulionyesha kwamba anayevuta sigara 1 kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba mwenye kuvuta 20. Wengi wangetarajia sehemu moja ya ishirini.

Sigara zilizoitwa "nyepesi" nazo ziliwahadaa watu kwa miaka. Kichungi chake kina vitundu vidogo vya kuingiza hewa, na mashine ya kupimia ikivuta, moshi unachanganyika na hewa na kipimo kinatoka kidogo. Binadamu huvibana kwa vidole na midomo bila kujua, tena huvuta kwa nguvu zaidi. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika 2005, unazitaka nchi wanachama zizuie majina ya kupotosha kama hayo kwenye pakiti.

Shisha haina nafuu. Maji yanaupoza moshi, hayauondolei sumu, na kikao cha saa 1 chaweza kumwingizia mtu moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja.

"Plasta ya nikotini ni sigara ile ile"

Nikotini ndiyo inayofunga minyororo; moshi ndio unaoua. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake zinajulikana kusababisha saratani. Plasta, inayobandikwa kwenye ngozi, na chingamu za nikotini hutoa nikotini polepole bila lami wala kaboni monoksidi. Katika mwongozo wake wa 2024, Shirika la Afya Duniani linapendekeza hizo, pamoja na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini, zikiambatana na ushauri wa mhudumu wa afya. Mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo wazungumze kwanza na daktari.

Chingamu hiyo ina namna yake, na wengi huikosea. Wanaitafuna mfululizo kama chingamu ya kawaida, wanameza mate, wanapata kwikwi na kichefuchefu, kisha wanasema haifanyi kazi. Itafune polepole mpaka ulimi uwashe kidogo, ibane kati ya fizi na shavu, itulie hapo mpaka mwasho uishe, ndipo utafune tena.

"Nitanenepa"

Pengine. Wastani ni kama kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, na faida kwa moyo inabaki pale pale.

Linalosahaulika zaidi ni kahawa. Kemikali za moshi hulifanya ini liondoe kafeini mwilini kwa kasi. Ukiacha sigara, kikombe kile kile ulichozoea kinakuwa na nguvu zaidi: moyo unakwenda mbio, usingizi unapotea, nawe unadhani ni arosto imekushinda. Punguza kahawa uone. Vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa, zikiwemo klozapini na olanzapini za magonjwa ya akili, na warfarini ya kuzuia damu kuganda. Anayezitumia amwambie daktari kabla ya kuacha, ili dozi iangaliwe.

"Nimejaribu mara nyingi, mimi siwezi"

Wengi walioacha kabisa walishindwa mara kadhaa kabla. Yule mzee hatimaye alikubali kujaribu, akabandika plasta, akakaa siku 40 bila kuvuta, kisha msibani rafiki akamnyooshea sigara, akaipokea, akavuta nusu. Alirudi nyumbani amenyong'onyea, ameamini yote yamebomoka. Hakujua kwamba kuteleza mara moja si sababu ya kubandua plasta, nami ndiye niliyemwambia usiku ule. Akashika bega, akaipapasa kama mtu anayehakikisha kitu kipo. Ilikuwa bado pale alipoibandika asubuhi, na kesho yake akabandika nyingine.